Hamira Iliyokataa Kugawanyika

1

King'ora cha mchana kilikuwa kimeshalia, madirisha yote ya kiwanda yamefungwa kuzuia jua, na mimi nimekaa kantini na sahani yangu ya ugali wa mtama na mlenda. Sipendi kuitwa nikiwa nakula. Wote pale wanalijua hilo, isipokuwa yule binti mpya kutoka Bukoba, Kokushubila, mtaalamu wetu wa seli. Alikuja hadi mezani akasimama kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.

"Sema," nikamwambia. "Ukinisimamia hivyo chakula hakishuki."

"Tangi limesimama, mama."

"Limesimama vipi?"

"Tangu asubuhi ukungu wake ni uleule, haukolei. Nimeangalia kwenye hadubini. Seli ziko hai, lakini hakuna hata moja inayochipua."

Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Mtu asiyeishi huku Singida ataona ajabu, watu wazima kuingiwa na hofu kwa sababu ya hamira. Lakini hamira yetu si ya maandazi. Miaka hii ya joto figo za watu zinakufa mapema. Walianza waponda kokoto, wachunga ng'ombe na wachota chumvi, yaani wote ambao jua ndilo lililokuwa ofisi yao, halafu ikawa yeyote. Hamira ya tangi letu imefundishwa kutengeneza dawa inayofanya kazi ya figo ndani ya damu. Sindano moja, wiki moja. Na hamira hiyo hutoa dawa wakati inapozaa tu: seli inachomoza kichipukizi ubavuni, kichipukizi kinakua, kinajitenga, na katika kuhangaika huko ndipo dawa inapotoka. Isipozaa, hakuna dawa. Wagonjwa wa mkoa mzima wanaishi kwa tangi lile, na mmoja wao ni mume wangu.

Tukapima sukari, ikawa sawa. Tukapima hewa, ikawa sawa. Joto lilikuwa limezidi kidogo, maana umeme wa mgao ulikuwa umetuchezea wiki nzima, lakini hamira yetu ni mtoto wa shida, joto kama lile imeshalizoea. Maji hatukuyapima, kwa sababu maji tulikuwa tumeshayaonja.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu. Siku zile, zamu zilipobadilishana, anayetoka alikuwa anachota kikombe kwenye bomba linalolisha tangi, anakunywa nusu, na nusu anampa anayeingia. Akishakunywa, zamu imepokelewa. Mita ya chumvi ilikuwapo ukutani, tumeitundikia kalenda juu yake. Mwaka wa mwanzo mita hiyo ilitudanganya, tangi zima likaenda na maji, na tangu siku ile tukasema kifaa hakina haya, ila mtu hawezi kunywa uongo mbele ya mwenzake. Asubuhi ile nami nilikunywa nusu yangu nikasema maji safi. Kwa ulimi wangu yalikuwa safi kweli.

Alasiri tukarudi kantini tumechoka na hatuna jibu. Nikaagiza chai. Kokushubila akapiga funda moja, akarudisha kikombe mezani taratibu.

"Samahani, mama. Hii chai wamekosea wakatia chumvi?"

Kantini nzima ikaangua kicheko. Mpishi akatoka jikoni na mwiko wake kuja kumtazama. "Mtoto wa ndizi huyo," akasema. "Mzoesheni polepole."

Nilicheka na mimi. Halafu nikakumbuka kwamba kantini na tangi vinakunywa bomba moja. Nikachukua kikombe chake nikaonja. Sikuona kitu. Nikaonja tena nimefumba macho, sikuona kitu. Sisi tumezaliwa kando ya ziwa la chumvi, tumeogeshwa kwa maji ya visima vya magadi, na mama zetu walikunywa hayohayo wakitunyonyesha. Chumvi ikiongezeka kidogo kidogo, leo tone, kesho tone, ulimi wetu unaiita maji.

"Kalete mita ya mkononi," nikamwambia. "Haraka, mwanangu."

Mita ikasema chujio linalotoa chumvi kwenye maji ya bomba limekufa, na halikufa jana. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni tulimcheka kwanza.

2

Bwana Kitundu, mkurugenzi wetu, ni mtu wa heshima, na sitamsema vibaya hata kama nafsi inanituma. Alipofika, chujio lilikuwa limeshabadilishwa, tangi limesafishwa kwa maji mapya na joto limeshushwa. Hamira ilikuwa bado imenyamaza.

"Maji safi, chakula kipo," akasema. "Sasa inasubiri nini?"

Kokushubila akanitazama mimi kwanza, nikamtikisia kichwa aendelee.

"Mkurugenzi, seli ya hamira kabla haijazaa hunakili nyuzi zake za urithi, ili yenyewe ibaki na zake na mtoto aende na zake. Nyuzi zikiwa zimekatika, seli inafunga breki. Hata uimwagie asali, haiendi mbele. Inakaa inazishona. Chumvi peke yake ingeivumilia, joto peke yake ingelivumilia, lakini vimekuja pamoja na vimekaa muda mrefu, nyuzi zimekatika. Sasa hivi seli zinashona."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Zikiwahi, siku chache. Zinaweza kuchelewa. Na zingine hazitaweza kabisa, zitakufa zikishona."

"Mbegu ya akiba je?"

"Iko Dodoma kwenye barafu," nikasema mimi. "Kuikuza mpaka ijaze tangi ni zaidi ya mwezi. Watu wana dozi ya wiki hii tu."

Bwana Kitundu akafungua mkoba wake akatoa kichupa kidogo cha kahawia. Nilikuwa nimewahi kukisikia, sikuwahi kukiona. Waliotengeneza hamira yetu waliiwekea mlango wa nyuma: ukidondosha dawa ile ndani ya tangi, seli zinasahau breki. Zinazaa, zimeshona au hazijashona.

"Hii ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya siku kama ya leo," akasema.

"Watoto watazaliwa na nyuzi mbovu," Kokushubila akasema. "Wengi watatoa dawa nzuri. Wengine watatoa dawa iliyopinda, na zote mbili zitachanganyika. Hatuna chujio la kuzitenga. Mgonjwa akiingiziwa iliyopinda hafi siku hiyo, mkurugenzi. Damu yake inaiona ni adui, inaanza kuipiga, na ikishaizoea vita hiyo itaipiga hata ile nzuri. Hatapokea tena dawa ya figo maisha yake yote."

"Ni wangapi hao?"

"Labda mmoja kati ya kumi. Labda zaidi. Siwezi kujua ni nani."

Bwana Kitundu akavua miwani akafuta macho. "Na tukisubiri," akasema, "wale watakaokufa tunawajua kwa majina."

Ilikuwa kweli. Walio hoi hawangevuka wiki mbili bila sindano. Wenye nafuu na watoto wangeweza kuvumilia kwa tabu. Tukisubiri, tunawaua walio hoi. Tukilazimisha, tunawaokoa hao, na tunawafungia mlango wengine ambao bado wana miaka mingi ya sindano mbele yao. Na tangi ni moja. Huwezi kulifungulia breki nusu.

Kwa taratibu za kiwanda chetu, chochote kinachoingia kwenye tangi kinaingizwa na mtunza tangi kwa mkono wake. Mtunza tangi ni mimi. Bwana Kitundu angeweza kuniondoa akaweka mwingine, na nadhani usiku alikuwa ameliwaza hilo, lakini hata yeye alikuwa anaogopa. Akakisogeza kile kichupa mbele yangu.

"Nakuachia, Bi. Mwajabu. Najua mzee wako naye ni mmoja wa walio hoi."

"Hilo liache nje."

"Haliwezi kukaa nje," akasema, na hapo pia alisema kweli.

3

Mume wangu Ntandu alikuwa fundi mawe. Nyumba za mawe zilizopo kijijini kwetu, nyingi zimepita mikononi mwake. Nilimkuta chumba cha nyuma, ndicho chenye ubaridi kidogo, amekalia mkeka na miguu ameinyanyua juu ya gunia la mtama. Miguu ilikuwa imeanza kujaa.

"Mbona mapema?" akauliza. "Kiwanda kimeungua?"

"Afadhali kingeungua."

Nikakaa chini nikamweleza yote. Sijui kumficha mtu yule jambo. Nilimweleza chumvi, nikamweleza breki, nikamweleza kichupa, ambacho wakati huo kilikuwa kwenye pindo la khanga yangu. Nakiri nilikuwa nimeshajua atasema nini. Atasema, subiri mke wangu, Mungu yupo, usiwaharibie watoto wa wenzio kwa ajili yangu. Machozi nilikuwa nimeshayaandaa.

"Fungua," akasema.

"Umesikia nilichosema kuhusu wale wengine?"

"Nina figo mbovu, Mama Rukia, masikio ni mazima. Nimesikia. Fungua."

"Na kama huyo mmoja kati ya kumi ni wewe?"

"Basi nitakufa kama ambavyo ningekufa. Lakini nitakuwa nimejaribiwa." Akatafuta pumzi. "Mimi naogopa kufa. Usinifanye shujaa. Najua mnapenda mgonjwa anayesema nitangulie mimi, nyie bakini. Mimi nataka kubaki."

"Yule mtoto wa jirani, Mwasiti, hata shule ya msingi hajamaliza. Ana maisha yote ya kuchomwa sindano. Damu yake ikiikataa dawa, atakwenda wapi?"

"Mwasiti anaweza kusubiri. Mimi siwezi. Hiyo ndiyo tofauti yetu."

"Tangi ni moja, Baba Rukia. Siwezi kumfungulia mmoja nikamwacha mwingine."

"Najua ni moja. Ndiyo maana nakuomba wewe."

"Subira yavuta heri," nikasema, na kabla sijamaliza nilijua nimesema upuuzi.

"Heri ya nani?" akauliza.

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa sababu hakunirahisishia, na kwa sababu alikuwa na haki ya kutaka anachotaka. Mtu hakosei akitaka kuishi. Nilikwenda jikoni nikakoroga uji, nikalia kule kwenye moshi ambako machozi hayaulizwi, nikamletea. Akanywa wote.

4

Sikufungua.

Watu wameniuliza sana kwa nini, na wengine wameniuliza kwa ukali, na wana haki. Sababu yangu si kubwa. Nilikaa kwenye hadubini pamoja na Kokushubila nikaziangalia zile seli. Zilikuwa zimevimba, kila moja peke yake, zimekataa. Chembe ambayo jicho halioni imekataa kumtoa mtoto mwenye kasoro ambayo bado inaweza kuishona. Nikasema, kama yenyewe inajua kwamba haijawa tayari, mimi mwenye akili nitaisukuma kwa kisingizio gani? Lakini nilipotoka pale na kukutana na mke wa Mwalimu Shila langoni, amemkokota mumewe kwenye toroli, sababu yangu ilionekana nyembamba sana.

Mwalimu Shila ndiye aliyemfundisha binti yetu Rukia hesabu. Alikuwa wa kwanza. Nilikwenda kuzika, nisingeweza kutokwenda. Wanawake waliokuwa kwenye mkeka walinitazama bila kusogea, mpaka mjane mwenyewe alipojivuta kando akanipa nafasi. Nikakaa. Baada ya muda akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwajabu, wanasema dawa ya kuiamsha hamira ipo, na unayo wewe. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ungenidanganya ningekusamehe leo leo. Sasa umesema kweli, itabidi unipe muda."

Nikasema nampa muda wote. Tukakaa bega kwa bega hadi jeneza lilipotolewa.

Baada ya Mwalimu Shila walifuata wengine wawili. Halafu Ntandu akaacha kupata mkojo, na kuhema kwake nikawa nakusikia nikiwa uani. Asubuhi ile sikuaga. Nilikwenda kiwandani moja kwa moja, nikapanda ngazi ya tangi, nikafungua kifuniko, nikatoa kichupa kwenye pindo la khanga nikang'oa kizibo. Harufu yake ilikuwa kali. Kokushubila alikuwa chini akinitazama. Nilitegemea anizuie, na laiti angenizuia ningemsukuma, nikamwaga, nikapata wa kumlaumu.

"Nikuletee glavu, mama?" akauliza.

Basi. Alikuwa ameniachia jambo langu.

Nilisimama pale juu na mkono umenyooka. Niliwaza uso wa Ntandu, na sikuwaza uso mwingine wowote. Hilo ndilo lililonirudisha. Nikimwaga, nitakuwa nimemwaga kwa ajili ya mtu mmoja, halafu nitasimama mbele ya mkoa mzima niseme ni kwa ajili yao. Kama sikumwagia mume wa mwenzangu, wangu namwagia kwa haki ipi? Nikarudisha kizibo. Nikashuka ngazi, na nikamchukia Mwajabu aliyeshuka kama ambavyo sijawahi kumchukia mtu.

"Mama, kaa chini," Kokushubila akasema.

"Sikai. Nipe hiyo hadubini."

Hapakuwa na kitu. Seli zilikuwa zimevimba vilevile, zinashona.

Zilianza kuchipua kesho yake, wakati tunabadilishana zamu. Siku hizi hatuonji, tunasoma mita, na kalenda tumeihamishia ukuta mwingine. Kokushubila alikuwa ameinamia hadubini, akaniita bila kuinua kichwa. Nikaangalia. Ubavuni mwa seli moja palikuwa na nundu ndogo. Nikasogeza kioo: nyingine, na nyingine.

"Angalia hiyo kubwa, mama. Unaona yale madoadoa ndani yake? Ni takataka za yale mateso, vitu vilivyoungua na kukunjamana kwa chumvi na joto. Haviendi kwa mtoto. Seli mama anavizuia upande wake, mtoto anatoka msafi. Mama anabaki navyo, anazeeka navyo."

"Na nyuzi?"

"Amezishona. Asingechipua."

Nilishukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikamfikiria Mwalimu Shila na wale wawili, na wa nne ambaye tulikuwa tumeambiwa habari zake asubuhi hiyohiyo, na shukrani ikakosa pa kukaa.

5

Vichupa vya kwanza vya dawa ya figo vilitoka vichache, wakapewa walio hoi zaidi. Kituo cha afya kilikuwa kimejaa hadi uani. Watu walinipisha njia. Wapo walionishika mkono, na wapo walioutazama mkono wangu wakageukia ukuta. Mama yake Mwasiti alinikumbatia akalia, akisema nimemwokolea mtoto. Sikujua niuweke wapi mwili wangu.

Ntandu alikuwa kitanda cha pembeni, ameegemezwa mito, uso umejaa hadi macho yamekuwa mistari. Tangu augue ni mimi niliyekuwa namchoma sindano nyumbani, mkono wake unaujua mkono wangu. Nesi aliponiona akanipa sindano bila kuuliza.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikalowesha pamba. Alikuwa ananitazama.

"Mama Rukia."

"Naam."

"Ingekuwa haikuamka. Ningekuwa namaliza leo, hivi ninavyohema. Ungefungua?"

Nesi akajifanya anapanga vitu mezani. Ningeweza kumwambia ndiyo. Neno moja tu, tena la kumtuliza mgonjwa, hakuna kiumbe ambaye angenihukumu kwa hilo. Lakini mtu yule sijui kumficha jambo.

"Hapana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anavyoitikia akiambiwa jiwe fulani lina ufa na yeye alikuwa ameshauona. Akakunja mkono wa shati mwenyewe hadi juu, kwa vidole vilivyovimba.

"Choma," akasema.

Nikamchoma. Nikahesabu moyoni hadi dawa ikaisha yote, nikatoa sindano, nikabana pamba juu ya tundu. Akaiondoa mikono yangu taratibu, bila hasira, akaishika pamba mwenyewe.

"Wiki ijayo," akasema, "nataka anichome nesi."